Kusoma DNA mara nyingi hakuondoi kila kosa
Umeuliza kama kuisoma DNA mara 100 badala ya mara 30 kutaondoa makosa yote. Makosa ya nasibu yatapungua sana, kwani alama ya ubora ya Q30 humaanisha uwezekano wa kosa 1 katika herufi 1,000, na ni nadra visomo vingi kukosea mahali pamoja kwa namna ileile. Makosa ya kimfumo, yaani yale yanayojirudia kila DNA inaposomwa, hasa penye mfululizo mrefu wa herufi moja, hubaki, na nakala zilizozalishwa na PCR, mbinu ya kunakili DNA mara nyingi kabla ya kuisoma, huonekana kama ushahidi mpya ilhali zinarudia kosa lilelile. Kwa hiyo, na hili ninalisisitiza, kila molekuli ya DNA ipewe alama yake ya utambulisho kabla ya kunakiliwa, ili nakala zake zitambulike, kisha tofauti yoyote itakayoamua matibabu ya mgonjwa ithibitishwe kwa mbinu nyingine, kama ile ya Sanger, mbinu ya zamani ya kusoma kipande kimoja cha DNA kwa wakati mmoja.