Maji ya kisima Tegeta yanaweka weupe kwenye jagi, je tunakunywa sumu?

SWALI: Habari mtaalamu. Nakaa Tegeta, nyumbani tuna bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, na tuna kisima kirefu, vyote vinaingia kwenye simtanki moja kwa sababu bomba linatoka kwa mgao. Jagi la umeme linajaa gamba jeupe, sabuni haitoi povu na maharage yanachemka mpaka mkaa unaisha hayajaiva. Juzi kaja kijana anauza mashine ya kuchuja maji, akatumbukiza kipimo kwenye maji ya kisima kikasoma 870, halafu akaweka kifaa chenye vyuma vinne cha umeme, maji yakageuka kahawia nzito yenye mabonge, ya kwake ya chupa yakabaki meupe. Kasema tunakunywa sumu na mawe kwenye figo yanatokana na hayo maji. Mashine milioni moja na nusu. Ninunue?

JIBU: Asante dada kwa swali, na nashukuru umeuliza kabla hujatoa hela. Usinunue kwanza.

Naanza na ile ya vyuma maana ndiyo inayowatisha watu wengi mitaani, mtu akishaona maji anayowapa wanae yamegeuka tope mbele yake hawezi tena kufikiri vizuri. Kile kifaa kina vyuma vya aina mbili, chuma cha kawaida na alumini, ukikichomeka umeme unapita kwenye maji na chuma kinaanza kuliwa kidogo kidogo, kwa hiyo lile tope la kahawia ni kutu ya vile vyuma vyenyewe, halikuwepo kwenye maji yako. Sasa ili umeme upite kwenye maji lazima kuwe na chumvichumvi zilizoyeyuka humo, ya kwake ya chupa yameondolewa karibu chumvi zote, umeme haupiti, vyuma haviliwi, maji yanabaki meupe, basi. Akirudi mwambie atumie hayohayo maji yake masafi, wewe tia chumvi ya jikoni kidogo, koroga, aweke vyuma vyake tena. Yatageuka kahawia hapohapo. Inaniuma kuona mtu anaweka rehani kitu cha ndani kwa ajili ya onyesho la namna hii.

Kile kipimo cha namba kinapima kitu cha kweli ila hakipimi anachokuambia. Kinaangalia maji yanapitisha umeme kiasi gani halafu kinakadiria jumla ya vitu vilivyoyeyuka, yaani miligramu kwa lita, chumvi, kalsiamu, magnesiamu, vyote kwa pamoja. Shirika la Afya Duniani linasema chini ya 600 maji huwa na ladha nzuri na yakipita 1,000 ndiyo watu wanaanza kuyakataa mdomoni. Kwa hiyo 870 ni habari ya ladha. Vijidudu kipimo hicho hakivioni kabisa, maji yenye kipindupindu yanaweza kusoma 100 na mwenye kipimo akakusifia.

Kwa nini kisima chako kiko hivyo, angalia tu ulipo. Kiwanda cha saruji pale Wazo Hill kimewekwa pale kwa sababu chini kuna mawe ya chokaa, mabaki ya matumbawe ya bahari ya zamani, na ukanda huo wa pwani una mawe hayo sehemu nyingi, hata Msasani na Masaki. Maji ya mvua yakishuka ardhini yanabeba hewa ya kaboni yanakuwa na ukali kidogo, yanayeyusha ile chokaa, ukivuta na pampu unavuta na kalsiamu yake. Hayo ndiyo maji magumu. Chumvi ya bahari ni kitu kingine, hiyo inaingia kwenye visima vilivyo karibu na ufukwe hasa vikivutwa sana, utaijua kwa ulimi. Maji ya bomba huko kwenu yanatoka Ruvu Chini kule Bagamoyo, ni maji ya mto, kwa kawaida ugumu wake ni mdogo, ndiyo maana siku ya mgao sabuni inatoa povu vizuri. Na kama siku za masika bomba linatoka na rangi rangi hiyo ni habari ya tope la mto, haihusiani na ugumu.

Ukitaka kujua kabla ya maabara, chukua chupa mbili ndogo, moja maji ya kisima, nyingine maji ya mvua au ya bomba, kata vipande sawa vya sabuni ya mche, tikisa. Yenye ugumu yatatoa utando mweupe kama maziwa yaliyokatika na povu kidogo sana. Maabara watakupa namba ya ugumu kwa miligramu kwa lita, chini ya 60 ni laini, kati ya 120 na 180 ni magumu, zaidi ya 180 magumu sana. Sabuni ya unga inavumilia zaidi kuliko ya mche. Kuhusu maharage, kalsiamu inakaza ganda lake, loweka usiku na pika kwa maji ya bomba, magadi kidogo yanasaidia pia ila usizidishe. Jagi weka siki au ndimu na maji, chemsha, acha nusu saa, gamba litatoa mapovu na kuachia. Ila usichanganye siki na jiki hata siku moja, inatoa gesi ya klorini, inachoma mapafu.

Figo sasa. Hakuna ushahidi wa maana kwamba ugumu wa maji unaleta mawe ya figo, na Shirika la Afya Duniani halijaweka hata kiwango cha ugumu kwa sababu za kiafya. Kinachochangia sana mawe ni kunywa maji kidogo, na kwa joto hili la Dar mtu anashinda juani kwa soda moja, hapo figo lazima ilalamike.

Kinachonitia wasiwasi mimi kwenye barua yako ni hilo simtanki moja. Maji ya bomba yanakuja na klorini kidogo iliyobaki ndani yake, inatakiwa isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale bombani, ndiyo mlinzi wako. Ukiyamwagia maji ya kisima ile klorini inaweza kuisha humohumo, unabaki na maji ambayo hayana ulinzi wowote, na mitaa yetu wengi tunatumia vyoo vya shimo na makaro, umbali toka karo la jirani mpaka kisimani kwako unaujua mwenyewe. Mlipuko mkubwa wa kipindupindu wa Agosti 2015 ulianzia hapahapa Dar, tusisahau mapema hivyo. Tenganisha. Nunua tanki dogo la bomba peke yake kwa kunywa na kupika, la kisima liende chooni, kudeki, bustani. Fundi bomba anaimaliza hiyo kazi siku moja na haifiki hata nusu ya bei ya mashine. Ya kunywa bado chemsha, yachemke kwa nguvu dakika moja inatosha, funika, usichote kwa kikombe cha mkononi.

Kuchemsha kunaua vijidudu na kunatoa sehemu ya ugumu, ndiyo hilo gamba, ila hakutoi chumvi wala nitrati, kemikali inayotoka kwenye vyoo na mbolea. Mashine ya RO, yaani ile inayosukuma maji yapite kwenye utando wenye vitundu vidogo mno, inatoa vyote hivyo kweli, siibezi, kama kisima kingekuwa maji pekee uliyonayo na yana chumvi kali ningekuambia uifikirie. Mtambo wa kulainisha maji nao upo, unatoa kalsiamu unaweka sodiamu, kila miligramu 100 za ugumu zinaacha kama 46 za sodiamu kwa lita, kwa hiyo kama kuna mzee mwenye presha ndani asiyanywe hayo.

Cha kufanya wiki hii, nenda maabara ya maji, iwe ya Wizara ya Maji au ya DAWASA, omba chupa yao iliyotakaswa kwa ajili ya vijidudu, usitumie ya soda. Fungua bomba la kisima lenyewe kabla ya tanki, acha yatiririke dakika kadhaa, kinga bila kugusa mdomo wa chupa, weka kwenye barafu na ufikishe siku hiyohiyo asubuhi. Waambie wapime ugumu, kloraidi (ndiyo chumvi), nitrati na E. koli, kijidudu kinachoonyesha kinyesi kimeingia kwenye maji. E. koli inatakiwa sifuri kwenye mililita 100. Nitrati ikizidi miligramu 50 kwa lita mtoto wa chupa asitengenezewe maziwa kwa maji hayo, na kuyachemsha hakusaidii, kunaizidisha tu maana maji yanapungua yenyewe inabaki.