Sagana kwa siku moja na watu ishirini, nusu hawajui kuogelea

Ndugu muulizaji, mpango wako nimeusoma mara mbili. Unataka kuwatoa wenzako wa ofisini Nairobi alfajiri, mfike Sagana, mshuke mto kwa boti za mpira, kisha watu waruke kwa kamba kutoka mnarani, wateleze kwenye waya juu ya mto, waendeshe kayaki, wafyatuliane bunduki za rangi, wale nyama choma, na usiku kila mtu alale kwake. Halafu unauliza wale kumi wasiojua kuogelea wabaki ukingoni au waingie majini.

Mimi ni mtu wa Pwani ninayefanya kazi Nairobi, na shughuli ya kupanga safari kama hizi za ofisi yetu huniangukia mimi kila mara. Sina kampuni wala simuuzii mtu tiketi. Kwa nilivyoona, orodha yako ni ndefu mno kwa siku moja, na hao wasiojua kuogelea siyo watakaokunyima usingizi.

Nianze na muda. Sagana iko kilomita mia hivi kutoka Nairobi. Unapita Thika, Kenol, Makutano, umefika. Tangu kipande cha Kenol kwenda Marua kianze kupanuliwa mwendo umekuwa mwepesi, kwa hiyo mkitoka saa kumi na mbili asubuhi, saa mbili mko getini. Nasema gari liwe linatembea saa kumi na mbili, siyo watu waanze kupigiana simu kuulizana nani yuko wapi. Lakini kufika siyo kuingia majini. Kuna fomu za kutia sahihi, kuna kugawiwa majaketi na kofia ngumu, kuna mafunzo nchi kavu, kuna mazoezi kwenye maji yaliyotulia. Safari yenyewe ya mto ni saa kadhaa, kisha mnasubiri gari liwarudishe kambini, maana mnamalizia mbali na mlipoanzia. Mpaka watu waoge, wabadili nguo na kuketi mezani, adhuhuri imekwisha pita. Hapo ndipo unataka waanze bunduki za rangi na kayaki? Mikono imekufa kwa kupiga kasia. Nusu yao watakuwa wanatafuta kivuli cha kulala.

Kwa hiyo mto uwe asubuhi, mkiwa na nguvu na tumbo halijajaa, na baada ya chakula chagua mchezo mmoja tu, au miwili kwa wale wenye kiherehere. Mimi huchagua waya. Unafungwa mkanda, unateleza, unacheka, umemaliza, na hata yule shangazi wa hesabu aliyekataa mto anaweza kuupanda. Kuruka kwa kamba ni jambo jingine. Huko watu hupimwa uzito kwa sababu kamba huchaguliwa kulingana na uzito wa mrukaji, na mwenye presha, mwenye matatizo ya mgongo au ya macho, na mjamzito hawaruki. Kisha kila mmoja huruka peke yake, na yupo atakayesimama pale juu dakika kumi akibembelezwa. Kwa watu ishirini jua litazama mkiwa kwenye foleni. Waruke wale watatu wanne walioapa tangu Januari kwamba lazima waruke, wengine wapige picha. Bunduki za rangi na kayaki ziwekee siku mtakayolala huko kwenye mahema.

Sasa mto. Sagana ndio mwanzo wa Tana: unakusanya maji ya Mlima Kenya na Aberdare, unayapeleka bwawani Masinga, kisha mabwawa mengine yanafuatana, mpaka sisi wa Pwani tunayapokea Kipini yakiwa yamechoka. Huku juu bado yana hasira. Mito hupimwa kwa madaraja sita ya ukali wa maji. Daraja la kwanza maji yanatambaa tu, na la sita hata mabingwa huliangalia kutoka ukingoni. Kipande cha Sagana kina daraja la pili na la tatu kwa wingi, na sehemu chache za daraja la nne. Kati ya maporomoko, yaani pale maji yanapokimbia kwa kasi juu ya mawe, kuna maji matulivu marefu ambapo watu hurushiana maji na kuimba.

Jambo ambalo wageni hawalijui ni kwamba maji ya Sagana hayasikilizi hali ya hewa ya Sagana. Pale kambini jua linaweza kuwaka vizuri, lakini mvua iliyonyesha usiku huko milimani inafika asubuhi, na mto mliouona jana umepanda na kubadilika rangi kuwa kahawia nzito. Aprili, Mei na Novemba ndiyo miezi ya maji mengi. Mto ukijaa, mawe mengine hufunikwa na poromoko fulani hupotea kabisa, huku jingine lililokuwa la mchezo likigeuka lenye shimo la maji yanayojirudia, linaloweza kukizungusha chochote kilichoangukia humo. Kwa kundi la mara ya kwanza kama lako, nenda miezi ya ukame, Januari hadi mwanzo wa Machi, au Agosti na Septemba. Mawe yatakwaruza boti hapa na pale, mtashuka kusukuma kidogo, lakini kuanguka majini kutakuwa kicheko.

Tuje kwa wasiojua kuogelea. Waingie. Kwenye mto kama huu kila mtu anavaa jaketi la kuelea, ajue kuogelea asijue, na jaketi ndilo linalokubeba. Kinachohitajika siyo ufundi wa kuogelea bali kutii. Ukianguka: lala chali, miguu juu na mbele kuelekea mto unakoenda, vidole vya miguu vionekane juu ya maji, mikono imetanuka. Miguu ndiyo itakayokutana na jiwe, siyo kichwa. Na usisimame, hata ukihisi maji yamefika kiunoni tu. Hapo ndipo watu huumia, maana mguu hunasa katikati ya mawe na maji yanaendelea kukusukuma mgongoni mpaka yanakulaza kifudifudi.

Kwa uzoefu wangu wanaosumbua ni wanaojua kuogelea, na wa kwanza ni sisi watoto wa baharini. Tumezoea maji ya chumvi yanayokubeba na mawimbi yanayokwenda na kurudi. Mto hauna kurudi. Mtu wetu akianguka anageuka kifudifudi na kuanza kupambana na mkondo ili arudi kwenye boti, na baada ya dakika moja pumzi imekwisha. Yule bibie wa mapokezi ambaye hajawahi kuingia hata kwenye bwawa la hoteli anakumbuka aliloambiwa, analala chali, anaelea. Wahenga walisema mfa maji haishi kutapatapa. Mtoni, ukiacha kutapatapa umeshajiokoa nusu.

Nilimwona mama mmoja wa ofisi yetu, mtu mzima, hajui kuogelea kabisa, akitoka kwenye boti mwishoni mwa poromoko moja. Boti ilipanda wimbi, upande wake ukainuka, akatoka kwa utaratibu tu, kama mtu anayeshuka matatu. Alipoibuka kofia ilikuwa imemfunika macho, lakini miguu ilikuwa juu, raba zake nyeupe zikionekana. Mwongozaji aliyekuwa mbele kwenye kayaki alikuwa tayari anamfuata. Yule wa boti yetu akamrushia mfuko wa kamba, ukapita juu ya bega lake, akaishika kamba, siyo mfuko, kama alivyofundishwa. Tukamvuta. Na kumpandisha kwenyewe kuna namna yake: mwongozaji alimshika jaketi kwenye mabega, akamzamisha kidogo chini kwanza, halafu jaketi lilipomrudisha juu akajitupa nyuma naye, wakaangukia ndani wote wawili. Mkimvuta kwa mikono yake mtateguana mabega. Mama yule swali lake la kwanza lilikuwa kama kuna aliyepiga picha.

Ndiyo maana nakwambia chagua wenyeji wako kwa kuangalia mafunzo yao, siyo ukurasa wao wenye picha za watu wakipiga kelele. Kabla ya kulipa uliza kama kuna mtu wa kayaki anayetangulia boti, kama kila mwongozaji ana kamba ya kurusha, nani ana mafunzo ya huduma ya kwanza, na gari la dharura linaweza kuufikia mto sehemu zipi. Wanaoijua kazi hujibu bila kusita. Niliwahi kufika mahali, siyo Sagana na sitalitaja, tukapewa majaketi ambayo vifungo vingine vilikuwa vimevunjika vikafungwa kwa kamba ya katani, na mafunzo yakawa dakika tano huku mwongozaji akijibu simu. Tulikula chakula tukarudi nyumbani bila kulowa. Baadhi ya watu walininunia wiki nzima, na wanune.

Jaketi lenyewe lijaribu hivi: likishafungwa, mwambie mwenzako akushike mabegani alivute juu kwa nguvu. Likipanda mpaka masikioni, halijabana. Liwe la kukufanya ulalamike kidogo. Na lile kasia lina kichwa kama herufi T; mkono wa juu ukifunike kichwa hicho wakati wote, usikiachie hata mkiwa mmetulia. Majeraha mengi niliyoyaona ni meno na pua za jirani aliyepigwa na kasia lililoachiwa, siyo mawe. Miguu ichomeke chini ya lile bomba nene la hewa linalokatiza boti mbele yako, kaa pembeni juu ya boti, siyo katikati, na mwongozaji wa nyuma akisema mbele, pigeni mbele pamoja. Boti ikiacha kupigwa kasia ndani ya poromoko ndipo inapogeuka, kwa sababu mkondo unaishika inavyotaka. Wengi hufanya kinyume: wakiona wimbi wanaacha kasia na kushika kamba ya boti.

Mavazi. Jinzi haifai, inalowa na kuwa nzito. Kaptura au suruali ya michezo na fulana inayokauka haraka. Viatu vyenye kamba, siyo malapa, maana la kwanza litaondoka kabla hamjafika poromoko la pili. Miwani ifungwe uzi. Simu iache kambini, hata ile unayosema haipitishi maji. Dada zetu wanaovaa baibui na hijabu nao wanaweza kushuka bila tatizo, nimekwenda nao: suruali ya kubana, shati refu la michezo, na ile hijabu ya michezo inayoingia vizuri chini ya kofia ngumu. Kinachokatazwa ni mtandio unaoning'inia na baibui lenyewe, kwa sababu kitambaa kirefu kinanasa. Waambie mapema wajipange, wasifike wakaona hakuna aliyewafikiria. Na kila mtu awe na nguo kavu na taulo. Maji yale yanatoka mlimani, mawingu yakifunika jua utasikia meno yanagongana.

Bia ije baada ya mto, hili halina mjadala, hata kama bosi ndiye anayelipa. Maji ya mto msiyanywe. Na kwa kuwa Mwea iko jirani, na kichocho, ugonjwa unaopatikana kwa kuingia majini, kinajulikana sana ukanda ule, atakayeanza kuumwa tumbo au kuona damu kwenye choo wiki kadhaa baadaye amwambie daktari kwamba aliingia mtoni.

Kuna mchangiaji mwingine aliyekujibu kwamba achaneni na Sagana, nendeni Jinja, Uganda. Jinja ni Nile, maji mengi, mawimbi makubwa kuliko haya, hilo kweli, ingawa bwawa la Bujagali na baadaye la Isimba yamezamisha baadhi ya maporomoko yaliyoipa sifa. Lakini aliyeuliza ana siku moja na watu wanaohitajika kazini Jumatatu. Kutoka Nairobi kwenda Jinja kwa barabara, siku hiyo moja itaishia ndani ya basi.

Chakula agiza mapema, na uulize kama samaki wapo. Sagana ina kituo cha ufugaji samaki cha miaka mingi, na tilapia wa kukaanga na ugali baada ya mto hunivutia kuliko nyama choma, lakini mimi ni mtu wa Pwani, usinisikilize sana hapo. Kama ni Jumapili, saa kumi jioni gari liwashwe. Ukichelewa mpaka saa kumi na mbili utakutana na watu wote waliokwenda mashambani wikendi, na kutoka Juja hadi Githurai mtasonga kwa hatua.

Malipo ya awali ukituma kwa M-Pesa, yaandikiwe sharti la mto kujaa: mnarudishiwa, mnahamishiwa tarehe, au mnapewa kipande kifupi. Siku mbili kabla wapigie simu uulize maji yako wapi. Wakikwambia mto umepanda na wanapendekeza msogeze tarehe, hao ndio wa kurudi kwao.