Fesanti wa bandani hawadumu porini
Ndugu, umeuliza kama fesanti (hao ndege wa jamii ya kwale) wanaoachiwa ili wawindwe kwenye ardhi ya umma kule Pennsylvania, Marekani, watazaliana mpaka wajae wenyewe. Hapana. Jimbo huachia zaidi ya 200,000 kwa mwaka, na tangu 2017 mwindaji mtu mzima hulipia kibali maalumu cha kuwawinda, fedha zisaidie kuwalea. Wamekulia bandani, mwewe na mbweha hawawajui, hivyo ni wachache mno wanaovuka kipupwe. Fesanti wa porini wanataka nyasi ndefu za kutagia. Hata hivyo, kwa kumfundisha mbwa mchanga kuwinda nawapenda sana. Ukienda kuwinda, vaa rangi ya chungwa uonekane, na ndege akiruka chini chini usifyatue bunduki, kuna mbwa wa wenzako.