Gari inapiga "ssss" chini ya boneti

SWALI: Fundi shikamoo, gari yangu nikiiwasha nikiwa nimesimama nasikia ssss kwenye injini kama tairi inatoa upepo, halafu mlio wa injini unapanda na kushuka wenyewe na taa ya cheki injini imewaka. Nikikanyaga mafuta sauti inapotea. Shida nini?

JIBU: Marahaba. Kwa dalili hizo mimi nashuku injini inavuta hewa ya wizi, yaani kuna mpira wa vakyumu (kibomba cha mpira kinachopitisha mvuto wa hewa wa injini) umepasuka au umechomoka, hewa inaingia bila kupimwa na sensa ndo maana mlio hautulii, na ukikanyaga mafuta mvuto unapungua sauti inazimika. Washa gari, fungua boneti, sikiliza. Chukua kipande cha mpira mwembamba, ncha moja sikioni, nyingine ipitishe taratibu kwenye kila kiungo, ukifika penye tundu utasikia kama mtu anakunong'oneza. Angalia sana kona za mipira, inakauka na kuchanika upande wa chini usioonekana. Ukikuta ufa badilisha mpira wote, gundi haidumu. Angalia mikono na nguo zako feni isizinase!

Ssss ikizidi ukikanyaga breki na pedeli ni ngumu, hiyo ni busta (kifaa kinachotumia mvuto wa injini kukusaidia kukanyaga breki), usiendeshe, ita fundi.

Na kama kuna mvuke au geji ya joto imepanda, zima gari hapohapo na tafadhali usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto, yale maji yanaruka yanaunguza vibaya sana.