Bunduki au bastola ya .22: nianze na ipi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nakaa Malindi na nataka kujifunza kulenga shabaha. Rafiki yangu asema nianze na bastola ya .22 kwa kuwa haipigi teke. Mjomba wangu wa Magarini naye ataka ninunue bunduki ya .22 nimuulie nguruwe mwitu wanaomaliza mihogo yake. Nifuate ya nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. La mjomba ni fupi. Uwindaji umepigwa marufuku Kenya tangu 1977, na mnyama anayeharibu shamba huripotiwa KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Hata sheria ingekuruhusu, risasi ya .22, yaani ya upana wa inchi 0.22 hivi, haizidi sana gramu 2.6. Nguruwe ataingia nayo kichakani, afe polepole kwa maumivu. Mwambie mjomba kwa heshima kwamba hapana.

Kwa shabaha, anza na bunduki ndefu. Rafiki yako kasema kweli kuhusu teke, lakini kasahau vilengeo, vile vialama viwili juu ya mtutu unavyovipanga jichoni na shabaha. Chukua bastola ambayo kilengeo cha nyuma na cha mbele vimeachana sentimita 20. Mkono ukitikisika hata cha mbele kikahama milimita 1 tu, kwenye mita 25 risasi itapotea sentimita 12.5. Katika karatasi ya bastola ya mashindano, alama kumi ni duara la katikati, la upana wa sentimita 5. Wewe utakuwa umeangukia kwenye alama sita. Kwa bunduki ambayo vilengeo vimeachana sentimita 60, kosa lile lile la milimita 1 linakupoteza sentimita 4 na kidogo. Tena bunduki imeegemea bega na shavu, bastola inaning'inia mkononi. Anayeanza na bastola haoni kosa lake liko wapi: kwenye jicho, pumzi au kidole. Nimewaona wengi wakikata tamaa hivyo, na walikuwa na uwezo.

Chagua ya bolti, yaani ya komeo unalolivuta kwa mkono, unayoijaza risasi mojamoja. Itakufundisha subira. Kabla ya kutazama darubini na urembo, iweke begani ufumbe macho, kisha uyafumbue. Kama jicho halikukuta vilengeo vimekaa sawa bila wewe kusogeza shingo, kitako, kile kibebeo cha mtutu kinachokaa begani, si cha kimo chako.

Risasi za .22 ni za rimfaya: kiwashio kimo ndani ya ukingo wa ganda, ndiyo maana ganda likishatumika halijazwi tena. Usinunue sanduku kubwa mwanzoni. Nunua aina tatu nne, piga risasi kumi za kila aina kwenye mita 50, ukiwa umeegemeza bunduki juu ya mfuko wa mchanga. Kila mtutu una chaguo lake: aina ambayo matundu yake yamekusanyika karibu zaidi. Wengi hukimbilia risasi za kasi wakidhani upepo hautaziweza. Kwa .22 mambo ni kinyume: zile zinazotoka kwa mita 330 hivi kwa sekunde, chini ya mwendo wa sauti, husukumwa kidogo kuliko za kasi. Kwa upepo wa kusi tulio nao hapa, hilo utaliona kwenye karatasi.

Na nakuomba sana, usilenge kuelekea baharini hata ufuo uwe mtupu. Risasi hii ndogo hufika zaidi ya kilomita moja, na ikigusa maji kwa ulalo huruka ikaendelea na safari. Kuna watu kwenye mitumbwi huko. Piga kwenye uwanja ulioidhinishwa, wenye tuta la udongo nyuma ya shabaha.

Usitoe hata shilingi kabla ya kupata cheti kutoka Bodi ya Leseni za Silaha.

Ukishaipata bunduki, adui yako ni chumvi ya hewa ya bahari. Mwaka mmoja niliiacha bunduki yangu ndani ya mfuko wa ngozi masika nzima. Nje iling'aa. Nilipofungua skrubu mbili nikatoa kitako, chini ya mtutu kulikuwa na kutu ya rangi ya manjano ya bizari, imekwishachimba vishimo unavyovihisi kwa ukucha. Ngozi hunyonya unyevu na kuushikilia. Iweke kwenye sanduku la chuma lenye kufuli, bila mfuko, na kila ukirudi uwanjani ipanguse jasho kwa kitambaa chenye mafuta mepesi. Kila mwezi toa kitako, utazame chini.