Kenge akikosa kichuguu

Mmeuliza wiki hii: kenge akitoka mtoni kula mayai ya kuku, auawe au aachwe? Hapa Lubumbashi swali linalouma zaidi ni hili: atataga wapi?

Kenge, yule mwenye madoa ya manjano anayejitupa majini ukikaribia ukingo wa mto Kafubu, mvua za kwanza zikishalainisha udongo hutafuta kichuguu chenye mchwa hai. Jike hukitoboa ubavuni kwa kucha, hutaga mayai 20 hadi 60, kisha huenda zake. Mchwa wenyewe huziba tundu, maana hawavumilii hewa kavu iingie kwao, na mayai hukaa humo miezi mingi katika joto na unyevu usioyumba.

Sasa vichuguu vinageuka matofali. Kimoja kilivunjwa kiangazi, karibu na mto. Wafyatuaji walianzia juu kwa sururu, udongo mwekundu, mgumu kama jiwe. Walipofika usawa wa kiuno sepeto ikaleta udongo wenye unyevu, na ndani yake mayai meupe yaliyoshikana. Hayakupasuka kama ya kuku; yalibonyea, ganda laini kama ngozi. Yalihesabiwa, 31, yakaachwa juani kando ya rundo. Kufikia saa nane mchana yalikuwa yamenywea, kwa sababu ganda hilo hupitisha maji. Moja likachanwa: mtoto mzima, mistari ya manjano mgongoni, kucha zote zipo. Kuyafukia kwenye shimo jingine kusingesaidia. Pasipo mchwa udongo hukauka, na yai likigeuzwa juu chini mtoto huweza kufa.

Kuhusu kuku: zika wavu wa waya sentimita 40 chini, kwa kuwa kenge huchimba, na funika juu, kwa kuwa wadogo hupanda. Okota mayai asubuhi na adhuhuri. Kenge huota jua kwanza, ndipo huwinda, mchana. Yai likipotea usiku, mwizi ni mwingine.

Nilikusudia kusema kenge asiguswe kabisa. Lakini mwenye kuku kumi, ambaye kenge mmoja amekwisha kuzoea banda lake na kurudi kila siku, siwezi kumwambia avumilie tu. Basi na amuue huyo mmoja, ila si kati ya Oktoba na Desemba, jike akiwa na mayai tumboni. Na asimbane kwenye kona: mkia hupiga kama fimbo, na akiuma haachii upesi.

Kichuguu kilicho jirani na mto, hicho kisiguswe. Udongo wa matofali uchukuliwe kwenye vya mbali.