Kabla hujaenda mwaloni na dodoso lako

Kila mwaka hapa Mwanza napokea wanafunzi wa uzamili wenye mada zinazofanana: ushirikiano wa serikali, sekta binafsi na jamii katika kulinda mazingira ya Ziwa Victoria. Mada ni nzuri. Mwenyewe nimeifanyia kazi miaka mingi na sijaichoka. Shida ni kwamba wengi wanakwenda kuutafuta ushirikiano huo ukumbini, kwenye mkutano wa wadau, ambako mara nyingi unaishi kuanzia usajili hadi chakula cha mchana.

Ukiniuliza uanzie wapi, nitakwambia chagua kitu kimoja kinachoonekana kwa macho, ukifuate. Chanja za kuanikia dagaa. Mtaro unaoteremka kutoka mlimani hadi Mto Mirongo na takataka zake zote. Bomba la majitaka. Kisha uliza maswali ambayo msomi huona aibu kuyauliza: nani alinunua mbao, zikioza nani anabadilisha, mvua ikinyesha hasara ni ya nani? Hapo ndipo utawajua wabia halisi, maana andiko la mradi huwa limewataja wote, hata wasiowahi kufika.

Chukua hizo chanja. Dagaa akianikwa chini anabeba mchanga, bei inashuka, na mzigo mwingine unaishia kuwa chakula cha kuku. Akianikwa juu ya chanja anakauka haraka na anabaki msafi, kwa hiyo mnunuzi anayesafirisha mbali anamtaka. Kwa maneno mengine, hakuna anayezipinga chanja. Halmashauri inazitaka, mfanyabiashara anazitaka, akina mama wanazitaka. Hata hivyo kwenye mwalo mmoja (mahali mitumbwi inaposhusha samaki), ambao sitautaja, nilizikuta chanja za mradi zimelala upande, mbao zimeliwa na mchwa. Kwenye makabrasha kila kitu kilikuwa safi: halmashauri ilitoa eneo, mfadhili alitoa vifaa, na jamii "itasimamia".

Nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa wake, "Mama, hizi zikiharibika nani anazitengeneza?"

Akacheka. "Mwalimu, hizo ni za mradi. Za kwangu ni zile kule."

Za kwake zilikuwa za fito, wavu mkuukuu umevutwa juu yake na kufungwa kwa kamba za nailoni. Zilikuwa zimesimama wima. Alizikarabati mwenyewe kila fundo lilipoachia, na akiwa na nafasi aliwakodishia wenzake. Ule utaratibu wake mdogo wa kukodisha, nani analipa taslimu na nani analipa kwa dagaa, ulinifundisha juu ya usimamizi wa mali ya pamoja kuliko mihtasari yote ya vikao niliyopewa.

Jambo jingine: angalia mwezi kabla ya kupanga ratiba. Sitanii. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivutii kitu na mitumbwi mingi inapumzika. Siku hizo ndizo utakazowakuta watu wanashona nyavu, wana muda wa kuongea, ingawa wengine watakuwa wamekwenda kwao kusalimia. Ukiitisha kikao saa nne asubuhi wakati wa giza, mvuvi ndiyo kwanza amelala, mama anakimbizana na jua, na atakayekuja ni mwenyekiti pamoja na wale ambao siku hizi hawavui. Karatasi ya mahudhurio itajaa sahihi. Nawe utaandika kwamba jamii ilishirikishwa kikamilifu.

Na kuhusu posho, maana najua utaniuliza. Nimechoka kusikia wataalamu wakilalamika kwamba watu wetu hawaji bila posho. Afisa wa halmashauri akikaa kikaoni mshahara wake unatembea. Meneja wa kiwanda vilevile. Mama wa dagaa akikaa kikaoni hakuna anayemlipa, na mzigo wake uko juani bila mtu wa kuugeuza. Lipa nauli na muda wa wale wasio na mshahara, kiwango kimoja kwa wote, kitangaze mbele ya watu, kisha ukiandike kwenye sura ya mbinu za utafiti. Bahasha za chini ya meza ndizo zinazoharibu majibu.

Kuna dhana nyingine ningependa uiache nyumbani, kwamba watu hushirikiana baada ya kupewa elimu ya mazingira. Elimu inasaidia, sikatai. Ila soma historia ya ziwa hili. Kati ya 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wetu zaidi ya mara moja. Zuio la 1999 lilitokana na taarifa za watu kuvua kwa sumu. Viwanda vya minofu ya sangara vikakosa soko, mawakala wakakosa cha kununulia, mvuvi akabaki na samaki wake, serikali ikakosa fedha za kigeni. Hapo kila upande ukaona wazi kwamba bila mwenzake hautoki. Usafi wa mialo na ukaguzi wa samaki ukawa jambo la kila mtu. Kwa hiyo kwenye dodoso lako, badala ya "Je, unaona umuhimu wa kushirikiana?" (nani atajibu hapana?), muulize unayemhoji: mwenzake akijitoa, yeye atapoteza nini?

Vikundi vya BMU (Beach Management Units, yaani vikundi vya wanajamii vya kusimamia uvuvi mwaloni), ambavyo hapa kwetu vilianza kuundwa mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990, vinastahili uangalifu wa pekee. Katika vitabu BMU ni daraja kati ya serikali na wavuvi. Mwaloni, mjumbe anayetakiwa kumtaja mwenye kokoro, wavu uliopigwa marufuku, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwake, watoto wao wanasoma darasa moja, na petroli ya doria haijulikani itatoka wapi. Usimhoji mtu huyo mbele ya afisa uvuvi. Usimhoji mbele ya tajiri mwenye mitumbwi pia.

Ukitaka mfano wa mambo yaliyokwenda vizuri, panda milimani, Igogo au Mabatini. Kule nyumba zimekaa juu ya mawe, gari la kunyonya majitaka halifiki, na kuchimba shimo la choo ni kupigana na mwamba. MWAUWASA, mamlaka ya maji na usafi wa mazingira ya Mwanza, ililaza mabomba membamba ya majitaka yanayopita kati ya nyumba na nyumba. Uhandisi huo unaeleweka. Kinachohitaji mtafiti ni yale mazungumzo ya uani: bomba la jirani yako wa juu linapita mlangoni kwako, nawe lazima ukubali. Ukifika, mtafute mwenyekiti wa mtaa, umwombe akusimulie kiwanja kimoja baada ya kingine. Wengi wa wenyeviti hao hawajawahi kuulizwa.

Vibali havina maajabu. Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, halmashauri, kata, mpaka mtaa au kijiji. Mtafiti kutoka nje ya nchi anaanzia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Toa nakala za kutosha. Ukifika mwaloni, jitambulishe kwanza kwa uongozi wa BMU hata kama barua yako ina mihuri kumi.

Mwisho, mrejesho, nao ufanyike kabla hujatetea tasnifu yako. Ukurasa mmoja, Kiswahili, herufi kubwa, usome kwa sauti palepale mwaloni, kisha upeleke ukurasa huohuo halmashauri na kiwandani bila kubadilisha neno. Watu watakubishia. Mtu wa kiwandani atasema umempendelea mvuvi, mvuvi atasema umetumwa na serikali. Yaandike mabishano hayo kwenye sura ya matokeo, ukionyesha ni upande gani umepinga nini. Msimamizi wako akisema sura imekuwa ndefu, punguza kurasa za nadharia.